Bakuli la Mashine

Mwaka ule wa tisini na tano mwalimu Clotilda alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika kulikuwa kazi. Asubuhi aliingia darasani, akaweka chaki dirishani kwa kuwa meza haikuwepo, akawatazama watoto tisini na wanne waliokuwa wakimtazama, na kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshatamani saa nane ifike. Asiyemjua angesema ni mvivu kwa jinsi alivyoburuta miguu. Lakini mtu aliyefundisha hesabu miaka kumi na tisa, bila kukosa vipindi ila alipojifungua na alipomzika baba yake, huyo humwiti mvivu. Alichoka tu, na uchovu wake ulikuwa wa haki.

Kwao ni Murusagamba, upande wa mpaka wa Burundi, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki ambako watoto waliamka kwa sala na kulala kwa sala, na katikati ya hapo walipalilia maharage. Mumewe Anastazi alibaki huko na migomba na watoto. Clotilda aliishi peke yake kwenye nyumba ya walimu ya Shule ya Msingi Mukagoma, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Benaco. Nyumbani alikwenda mwisho wa mwezi, lori likipatikana, na barabara yenyewe ukiijua huwezi kumuuliza kwa nini hakwenda kila wiki.

Zamani Benaco kwa watu wa Mukagoma palikuwa mahali pa kusubiria gari, basi. Kisha ikaja Aprili ya mwaka wa tisini na nne, watu wakavuka kutoka Rwanda, Benaco ikawa kambi ya wakimbizi, na kufumba na kufumbua wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Siku za mwanzo, kabla maturubai hayajafika, wanawake na watoto walilala madarasani Mukagoma, na mvua ya mwezi ule haikuwa ya mchezo. Madawati yaliishia kuwa kuni. Clotilda aliyaona kwa macho yake yakiwaka, uji wa mtoto mgonjwa ukichemka juu yake, akageuza uso akaenda zake. Ungemwambia nini mama yule? Lakini dawati likishaungua limeungua. Mwaka uliofuata darasa la saba walikalia magogo na matofali na kuandikia mapajani.

Baada ya madawati wakaondoka walimu. Mashirika ya msaada yalitaka watu wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu, na watu wa namna hiyo wilayani Ngara ungewatafuta wapi kama si mbele ya ubao? Mmoja akaenda kuwa mkalimani, mwingine mgawa dawa, mwingine karani wa stoo. Huyu wa stoo ndiye Frednand, aliyekuwa akifundisha hesabu darasa la tano na la sita. Hakuaga hata kidogo, alituma tu ufunguo wa kabati. Walimu walikuwa kumi na wawili, wakabaki watano. Siku moja mwalimu mkuu, mzee Evaristi, alimuuliza Clotilda kwa utani hiyo ni asilimia ngapi imetukimbia.

"Haigawanyiki vizuri, mwalimu mkuu," Clotilda alimjibu. "Hesabu hiyo haina mwisho."

Na asilimia yenyewe ilikuwa imemkaa kooni tangu Julai. Hakuna mada ambayo hakuwahi kuifundisha, na hakuna iliyowahi kumchosha hivi. Alianza na kawaida yake: asilimia maana yake ni sehemu ya mia, hakuna uchawi. Akachora ubaoni mraba wa vyumba mia kwa muhogo mkavu, kwa sababu chaki aliiwekea akiba ya mitihani. Akaleta kopo la maharage kutoka nyumbani, akawahesabia punje mia mia katika makundi, waondoe ishirini, waongeze tano, waone kwa macho. Ijumaa alipoyakusanya, kila kundi lilikuwa na pungufu. Kundi la nyuma lilibakiwa na themanini na nne.

"Asilimia ngapi imeliwa?" aliuliza.

"Kumi na sita!" walijibu kwa pamoja, na hilo ndilo jibu sahihi pekee walilompa wiki nzima.

Ilibidi waelewe, tena haraka. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa katikati ya Septemba, na maswali ya asilimia hayakosekani humo. Mwaka uliopita Mukagoma ilipeleka sekondari mtoto mmoja. Mwaka wa kabla yake haikupeleka hata huyo mmoja. Aliyekosa nafasi alirudi kwenye jembe, na msichana aliyekosa aliolewa kabla ya masika ya pili. Clotilda alilijua hilo vizuri, maana yeye mwenyewe enzi zake aliponea chupuchupu.

Basi Jumapili moja, mwishoni mwa Agosti, baada ya sala, Frednand akatokea mlangoni kwake. Alikuwa na viatu vipya, na gari jeupe lilimsubiri barabarani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Frednand alicheka. Kambini wanatafuta karani wa mgao wa chakula, alisema, mtu mzima, mwaminifu, anayejua hesabu. Yeye amempendekeza. Kazi ni kukaa mezani chini ya turubai, kukagua kadi, na kuhakiki kwamba kilichopimwa ndicho kilichoandikwa. Mshahara mara nne ya wa serikali, na haucheleweshwi. Aanze Jumatatu ijayo, tarehe nne.

"Kukaa mezani," Clotilda alirudia.

"Na kiti chako, dada. Cha mgongo. Utakufa na chaki mkononi hapa, na watakuzika bila hata kukusomea barua ya kupandishwa daraja."

Mshahara ulimvutia, tusidanganyane. Lakini kilichomshika hasa ni kile kiti. Viti vya walimu vilikwenda pamoja na madawati, na kwa mwaka mzima na ushee Clotilda alikuwa akifundisha wima, vifundo vya miguu vikimvimba hadi jioni akawa havui viatu mpaka avilegeze kwa maji ya moto. Alimwambia Frednand atampa jibu Jumamosi. Lakini moyoni alikuwa ameshakwenda. Jumatatu alimwandikia mzee Evaristi barua ya kuomba likizo bila malipo, akaikunja, akaitia kwenye daftari la maandalio, na wiki hiyo akafundisha kama mtu anayefagia nyumba aliyokwisha kuihama.

Jumatano akawapa jaribio la maswali kumi. Swali la saba lilisema: mkulima alipata kilo 80 za mahindi, familia yake ilikula asilimia 25, zilibaki kilo ngapi? Jibu ni sitini. Aliliweka makusudi, kama zawadi, ili hata walegevu waokote maksi.

Kwenye kusahihisha akakuta 54. Akafungua daftari la pili, 54. La tano, 54. La kumi na moja, mtoto anayekaa dirishani, mbali na wenzake, 54. Wengine walikosa kwa namna zao, mmoja akiandika kwamba zimebaki kilo mia mbili, lakini hao hawakumshangaza. Waliomshangaza ni watoto kumi na wanane wenye 54, namba ambayo huipati kwa kubahatisha. Clotilda akahitimisha kama ambavyo mwalimu yeyote angehitimisha: wameangaliziana. Wiki mbili kabla ya mtihani, wanaangaliziana, tena wanaangalizia kosa.

Alhamisi aliwapanga mstari wale kumi na wanane. Fimbo mbili mbili viganjani. Hakufurahia, lakini vilevile hakujizuia, na ndani yake kulikuwa na kitu kama nafuu. Watoto wenyewe hawafundishiki, aliwaza kila fimbo iliposhuka. Jumatatu atakwenda, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Mmoja hakuwa amefanya jaribio lile. Niyonkuru, binti wa miaka kumi na minne, mrefu, mkimya, mtoto wa familia ya Warundi waliokimbilia huku mwaka wa sabini na mbili na kupewa shamba. Jumatano alikwenda kambini na mama yake kubadilisha ndizi kwa mahindi. Wengi walifanya hivyo: ndizi na kuni zilikwenda Benaco, yakarudi mahindi ya yanga, yale ya njano ya msaada. Clotilda akamweka ofisini peke yake, akampa maswali yaleyale, akasimama mlangoni kumlinda.

Niyonkuru alipata tisa kati ya kumi. La mbuzi alilipata, la mayai alilipata, la wanafunzi watoro alilipata, na hilo lilikuwa gumu kweli. La saba aliandika 54.

"Nani amekupa jibu hili?"

"Hakuna, mwalimu."

"Nakuuliza mara ya mwisho. Nani?"

"Nimekokotoa mwenyewe, mwalimu."

Alimpiga nne. Mbili za kuangalizia, mbili za uongo. Niyonkuru hakulia, akafunga kiganja, akasema ahsante mwalimu kama walivyofundishwa, akatoka.

Ijumaa ilipaswa kuwa siku ya mwisho ya Clotilda pale Mukagoma, na alitaka ipite kwa amani. Haikupita. Kulikuwa na kitu kinamkereketa, na kadiri alivyokisukuma pembeni ndivyo kilivyorudi. Mtoto anayepata swali la watoro atashindwaje na la mahindi? Na kama alipewa jibu na wenzake, kwa nini achukue hilo moja la kosa, na yale tisa ayapate mwenyewe? Saa nne, watoto wakiwa nje, akamwita tena ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mkono unauma?"

"Hauumi, mwalimu." Aliuficha nyuma ya sketi.

Clotilda akachukua karatasi, akaandika swali jipya ambalo hakuna kiumbe aliyewahi kuliona: kilo 120 za mahindi, asilimia 25 ikaliwa. Jibu ni tisini. Niyonkuru akainama kidogo, akaandika kwa penseli fupi kama kidole gumba, akarudisha karatasi. Themanini na moja.

Sasa huyu ameangalizia kwa nani? Ofisini walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa na tisini kichwani.

"Nionyeshe," Clotilda alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hatua kwa hatua. Umeanza na nini?"

"Na kutoa ya mashine, mwalimu."

"Mashine gani?"

"Ya Shibuda."

Shibuda alijulikana na kila mtu. Ni Msukuma aliyekuja kutoka upande wa Biharamulo na mashine ya kusaga ya dizeli, akaifunga kando ya njia ya kambi. Alijua wateja wake wana mifuko mitupu, kwa hiyo malipo aliyachukua kwenye mahindi yenyewe: kila mabakuli kumi, moja linabaki kwake. Mkimbizi alilipa hivyo, mwenyeji alilipa hivyo. Kwa watu wa pale, ambao chakula chao ni ndizi, maharage na muhogo, na majumbani hawana hata mahali pa kuhifadhia mahindi, yanga haikulala ndani. Ilifika, ikapelekwa mashine yote, ikarudi unga.

"Mia na ishirini, natoa bakuli la mashine," Niyonkuru aliendelea, akionyesha kwa penseli. "Kila kumi, moja. Ni kumi na mbili. Zinabaki mia na nane. Ndiyo natafuta robo yake waliyokula. Ishirini na saba. Natoa. Themanini na moja."

Clotilda akaifanya kichwani. Mia na nane, robo yake ishirini na saba. Ilikuwa safi, haina doa. Akairudia ile ya jana: themanini, toa nane, sabini na mbili, toa robo yake, hamsini na nne. Mtoto huyu alikuwa akifanya asilimia juu ya asilimia, bila kuambiwa, jambo ambalo mtaala haukulitaka kwake.

"Lakini Niyonkuru, swali halikusema wamesaga."

"Halikusema, mwalimu. Lakini lilisema wamekula."

Clotilda aliikunja karatasi. Akaenda darasani watoto waliporudi, akasimama mbele yao na kuuliza bila kuzunguka: kwenye swali la mahindi, nani alitoa kwanza bakuli la mashine?

Mikono ilibaki mapajani. Walidhani ni mtego, na baada ya Alhamisi ungewalaumu? Kisha Niyonkuru akanyoosha mkono. Akafuata yule wa dirishani. Ukapanda wa tatu, wa nne, polepole, mpaka ikawa mikono kumi na tisa, viganja vimemwelekea, na vingine vilikuwa bado na alama.

Aibu ilimshika Clotilda hapo alipo, aibu hasa, ya kushindwa kuweka macho mahali. Hawakuangaliziana. Wote kumi na tisa walikwenda kwenye mashine ileile, wakatolewa bakuli lilelile, na hakuna hata mmoja wao aliyekosea kutoa wala kuzidisha. Waliomwelewa kuliko wote darasani ndio aliowapiga. Wale wengine, wa kilo mia mbili, hakuwagusa.

Pengine unangoja niseme aliwaomba msamaha. Hakuwaomba. Mwalimu wa enzi zile hamwombi mtoto msamaha, si Ngara tu, na Clotilda hakujua hata maneno yake yangeanzaje. Alichokifanya ni kuchukua madaftari yao, akakata alama nyekundu ya kosa kwenye swali la saba, akaweka vema. Chini ya vema akaandika: kwa mashine 54, kwa mtihani 60. Kisha akaketi juu ya gogo la mbele, la mtoto ambaye hakuja siku ile.

Jumamosi Frednand alikuja na gari lake jeupe.

"Nipe wiki mbili," Clotilda alimwambia. "Mtihani ukiisha nakuja."

"Dada, pale hawasubiri mtu. Ukikataa leo, Jumatatu kuna mwingine kwenye kiti."

"Basi akae."

Frednand alimtazama kana kwamba amerukwa na akili. "Kwa ajili ya nini? Wangapi watachaguliwa hapa? Mmoja? Wawili?"

Clotilda hakusema habari ya wito, maana hakuwa nao tena, ulikuwa umeisha kama chaki inavyoisha. "Kuna hesabu nimewaharibia," alisema. "Siwezi kuwaachia hivyo." Gari likaondoka na vumbi lake, na alipolitazama likipotea machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya watoto. Yalikuwa ya kile kiti.

Nafasi ikachukuliwa na mwalimu mmoja kutoka Biharamulo. Barua ya likizo Clotilda aliichana, akatumia upande mweupe kuandikia maswali.

Wiki mbili zile alifundisha kitu cha ajabu: aliwafundisha kusahau wanachokijua. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha asiyejua kabisa. Alichora ubaoni mashine ya Shibuda, na bomba lake la moshi, na Shibuda mwenyewe na tumbo lake, darasa likacheka mpaka mzee Evaristi akachungulia mlangoni. Kisha akaipiga mstari mkubwa katikati.

"Kwenye mtihani," alisema, "mashine imefanyaje?"

"Imeharibika!"

"Dizeli?"

"Hakuna!"

"Kwa hiyo bakuli la Shibuda?"

"Hakuna!"

"Soma kilichoandikwa. Usisome kilichoko kwenu."

Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza kama kwa hiyo watu wa kwenye mtihani wanakula mahindi ya kutafuna. Clotilda akasema ndiyo, hao wana meno mazuri, ni watu wa Dar es Salaam. Kila asubuhi wakaitikia hivyo kabla ya kukaa: mashine imeharibika. Na kila jioni Clotilda alirudi nyumbani akilegeza viatu kwa maji ya moto, akijiuliza saa ile karani wa mgao ameegemea vipi. Hakuna siku aliyoamka na furaha ya uamuzi wake. Aliamka tu, akaenda.

Lakini Niyonkuru hakuitikia kwa sauti. Midomo aliichezesha. Alifanya mazoezi yote, akayapata, akakusanya daftari kwa mikono miwili kwa adabu, na macho yake hayakupanda juu ya vifungo vya blauzi ya mwalimu. Mara mbili Clotilda alimbakiza akitaka kumwambia kitu. Mara zote mbili akaishia kumpa maswali ya ziada.

Siku ya mtihani walikuja wasimamizi wageni, na walimu wa shule hawakuruhusiwa kukaribia. Clotilda alikaa ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi ya kanisa la kigango, akichambua maharage ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Mchana walianza kutoka, na kabla hajauliza walimpigia kelele wakiwa bado upande wa pili.

"Mwalimu! Mashine imeharibika!"

Lilikuwemo. Mkulima alivuna kilo 200 za mahindi, familia ikala asilimia 35, zilibaki ngapi. Mia na thelathini, walisema mmoja baada ya mwingine, yule wa dirishani, yule aliyeuliza habari ya kutafuna, na kila aliposikia mia na thelathini Clotilda alihisi kitu kinashuka mabegani. Aliwahesabu waliopita. Kumi na wanane. Wote kumi na wanane.

Nikuambie kabisa ya mbele, ili usikae roho juu. Desemba majina yalipobandikwa, Mukagoma ilipeleka watatu, jambo ambalo mzee Evaristi hakuwahi kuliona tangu ashike ukuu wa shule. Niyonkuru alikuwa wa pili. Watu walimpongeza Clotilda, wengine wakamwambia Mungu alijua kwa nini alimzuia kwenda kambini. Alisema ahsante. Alipouhadithia mwaka ule, miaka mingi baadaye, sehemu ya majina aliipita haraka haraka. Alipofika kwenye ngazi ya kanisa ndipo alipokawia.

Niyonkuru alitoka wa mwisho. Alivuka barabara bila haraka, mkoba wa nailoni begani, akapiga goti kidogo kama ilivyo ada ya wasichana wa kule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. La mahindi?"

"Mia na thelathini." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa uongo, akaongeza: "Mwanzo niliandika mia na kumi na saba. Halafu nikafuta."

Clotilda akatabasamu. Mia mbili, toa ishirini ya Shibuda, toa asilimia thelathini na tano. Hata kwenye chumba cha mtihani mtoto huyu alisaga kwanza. "Ukakumbuka kwamba mashine imeharibika," alimwambia.

"Hapana, mwalimu."

"Ukakumbuka nini?"

Niyonkuru akatazama kiganja chake. Hakukuwa na kitu tena pale, kilikuwa kiganja kama vingine.

"Fimbo," alisema.

Maharage yalimponyoka Clotilda, yakamwagika ngazini. Wiki mbili za mashine na dizeli na vicheko, kiti alichokiacha, miguu yake, yote hayo, na kilichoshika ni zile nne za Alhamisi, ambazo zilikuwa za bure. Alitamani iwe jibu lingine lolote. Mtoto alikuwa amepata, na alikuwa amepata kwa sababu ya lile ambalo Clotilda angetoa chochote alifute.

"Niyonkuru," alisema. "Siku ile hukukosea. Mimi ndiye nilikosea. Nisamehe."

Msichana alishtuka, akaangalia huku na huku kuona kama kuna mtu amesikia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia neno hilo, na ilionekana wazi hajui aliweke wapi.

"Haya, mwalimu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Akachuchumaa, akaanza kuokota maharage punje moja moja na kuyarudisha kwenye ungo. Clotilda naye akainama, ingawa mgongo ulimuuma. Waliokota mpaka yakaisha.

"Naomba niende, mwalimu," Niyonkuru alisema, akipangusa sketi. "Mama ananisubiri mashineni. Leo foleni ni ndefu."

"Nenda, mwanangu."

Alikwenda. Clotilda alibaki amekaa kwenye ngazi ile ya kanisa, akaegemea mlango, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ya mwaka uliotangulia hakuna kilichomlazimu asimame.